Barua kwa mwanangu: kazi ya nyama kwenye sahani yako

Mwanangu mpendwa,

Hujambo mama? Sisi huku Tanga wazima. Goti linamsumbua kidogo baba yako, lakini buchani anakwenda kila siku.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Mama, wewe umekuwa nesi miaka yote hiyo, niambie ukweli. Naweza kuishi hivi, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, na bado nikawa na nguvu za kazi na za kukimbia?" Umenieleza pia jinsi msimamizi wenu alivyosema mbele ya kambi nzima ya barabara kwamba barabara haijengwi na watu wanaokula majani, na kwamba siku hizi ukikimbia asubuhi unachoka kabla hujafika daraja la kwanza. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Jibu langu ni ndiyo, unaweza. Ila si kwa namna unavyokula sasa.

Nimepiga hesabu ya ulivyonisimulia. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana mama lishe wa kambini anakupakulia ugali kama wengine, kipande cha nyama anakiruka, anakuongezea mchicha. Jioni chipsi na kachumbari. Jumamosi wenzako wakichoma mbuzi, wewe unakula ndizi mbili za kuchoma na pilipili. Mama, huo ni mlo wa nyama ulioondolewa nyama. Kile kipande kilikuwa na kazi zake pale sahanini: kujenga misuli, kuongeza damu, kulinda neva. Umekitoa, na kazi zake hukumpa mwingine. Kwa hiyo wenzako wakisema unapungukiwa, wanasema kweli. Wanakosea pale tu wanapodhani nyama ndiyo dawa pekee.

Lugha yetu yenyewe inachangia. Mtu akiuliza "leo mboga ni nini?" anajibiwa "nyama" na hakuna anayeshangaa, kwa sababu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali. Wewe umebaki na mboga kwa maana ya majani peke yake. Majani mazuri, yasikose, lakini hayawezi kubeba mzigo wote huo.

Anayebeba ni maharage na ndugu zake: kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, soya. Una kilo 60. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, lakini wewe unashinda juani unapima barabara na asubuhi umeshakimbia, kwa hiyo mimi nakuwekea gramu 1.2, yaani 72 kwa siku. Bakuli la maharage yaliyoiva, robo kilo hivi, lina gramu 20 au zaidi kidogo. Bakuli moja mchana, moja usiku. Karanga konzi moja asubuhi na nyingine jioni zinaongeza kama 14. Ugali na uji wenyewe vina protini yake, na hapo hesabu inafika. Unakumbuka makande ya bibi yako? Mahindi yana upungufu fulani katika protini yake, maharage yanaujaza, na maharage nayo yanajaziwa na mahindi. Bibi hakusomea lishe popote, na chungu chake kilikuwa sahihi.

Loweka usiku kucha. Asubuhi utakuta maharage yamevimba, ganda limekunjuka, maji yamegeuka rangi. Yamwage hayo maji, chemshia mengine. Gesi tumboni itapungua, na madini ya chuma na zinki yaliyokuwa yamefungwa ndani yanapatikana kwa urahisi zaidi.

Kula ushibe pia. Chakula cha mimea kinajaza tumbo upesi kabla nguvu hazijatosha, na mkimbiaji anayekula kidogo anaanza kujila mwenyewe. Tia nazi, parachichi, ufuta, siagi ya karanga. Uliniambia habari za yule Mmarekani, Scott Jurek, asiyekula chochote cha mnyama, aliyeshinda Western States, mbio za kilomita 161, miaka saba mfululizo, 1999 hadi 2005. Nimefurahi kusikia. Lakini mwanangu, kuacha nyama hakukumpa ushindi. Alifanya mazoezi, akala chakula cha kumtosha.

Sasa damu. Wewe ni mwanamke, kila mwezi unapoteza damu, kwa hiyo mahitaji yako ya madini ya chuma ni makubwa kuliko ya hao wanaume wa kambini. Chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida, lakini kikipata kitu chenye vitamini C unakichukua vizuri. Kamulia limau kwenye kunde zako. Na wewe uko Dodoma, nchi ya mibuyu! Nunua ubuyu, uloweke, ukoroge juisi isiyo na sukari nyingi, uinywe na chakula. Ile chai ya rangi unayonywa pamoja na chakula iache, inazuia chuma kisiingie mwilini. Chai inywe peke yake, baada ya saa moja au mbili. Kisha nenda zahanati ukapime wingi wa damu. Ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita nipigie siku hiyohiyo, usijinunulie vidonge kwa kubahatisha.

Kuna kazi moja ya nyama ambayo hakuna mmea utakaokufanyia, na hapa naomba unisikilize kama nesi kwanza, kisha kama mama. Ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, sisi tunaipata kupitia wanyama. Maharage hayana, mchicha hauna, uyoga si wa kutegemea, na ile spirulina, unga wa mwani wanaouza mitandaoni, isikudanganye. Ubaya wake ni kwamba haikwishi leo. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaacha nyama, anajiona mzima, anasema mbona niko sawa.

Nilimuuguza mzee mmoja zamani, hakuwa amegusa nyama wala maziwa kwa miaka mingi. Alikuja akisema anakanyaga pamba. Ulimi wake mwekundu, laini kama umesuguliwa. Daktari alimsimamisha miguu pamoja, akamwambia afumbe macho, na mzee akayumba, mimi ndiye niliyemdaka begani. Tulimchoma sindano za B12 kwa wiki kadhaa. Damu ilirudi, uso ukang'aa. Ganzi ya miguuni haikuisha yote, alikuja kuchelewa.

Kwa hiyo kidonge, mama. Mikrogramu 10 kila siku, au cha 2,000 mara moja kwa wiki, utakachoweza kukikumbuka. Famasi kubwa za hapo mjini zinavyo. Hata kama maisha yako yote utakula maharage mazuri kuliko yangu, kidonge hiki usikiache.

Mengine ni mepesi. Uji wa ulezi na ufuta kwa ajili ya mifupa. Chumvi iwe yenye madini joto. Jua unalipata la kutosha.

Kuhusu wenzako. Baba yako amekata nyama miaka ishirini na sita, na nyama hiyo ndiyo iliyokusomesha. Siku uliyomwambia umeacha, alinyamaza wiki nzima, unajua. Jana nilimsomea swali lako. Alikaa, akasema: "Mwambie asibishane na watu wenye njaa. Apike." Nadhani amesema vizuri kuliko mimi. Zungumza na mama lishe faraghani, umpe hela ya maharage ya wiki nzima, umwombe akutengee kabla hajachanganya na mchuzi wa nyama. Hiyo kwake ni biashara, hatakuona msumbufu. Mchango wa mbuzi usitoe kwa kinyongo. Sema wewe utanunua mkaa na soda, na Jumamosi uwepo. Ukikimbilia chumbani watasema unawadharau. Beba sufuria ya mbaazi za nazi, nzito, zenye iliki kidogo kama tunavyopika huku, uiweke mezani pembeni ya mbuzi bila kutangaza chochote. Msimamizi wako umpakulie wa kwanza. Ni mkubwa wako, na mtu aliyekula kwenye sufuria yako anaona haya kukutania.

Na ukiulizwa kwa nini, wajibu kwa kifupi ulivyonijibu mimi, kwamba ulimwona yule ng'ombe machinjioni na moyo ukakataa. Inatosha. Huna deni la hotuba kwa mtu.

Nimekutumia mzigo kwa basi la Ijumaa. Kuna nazi sita, mbaazi kilo tatu, choroko kilo mbili, ufuta, na chupa ya kwanza ya vidonge, nimeiviringisha kwenye kanga ya kijani isivunjike. Baba yako ndiye aliyefunga kamba za boksi, kwa hiyo tafuta kisu. Mbaazi loweka Ijumaa hiyohiyo usiku. Majibu ya damu nisomee kwa simu Jumatatu.

Mama yako