Kitovu, chungu na tumbo la uzazi: jibu kuhusu kuzaliwa kwa miungu ya Kihindu

Mwenzetu ameuliza mambo mawili: kwa nini Wahindu wana visa vingi vya uumbaji visivyopatana, na iweje Brahma, anayeitwa muumba, naye awe amezaliwa, tena kitovuni mwa Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu, ambaye ni mwanamume. Mimi sikusomea dini. Nilisomea uhandisi kwa miaka minne mjini Vadodara, jimbo la Gujarat, na haya niliyaokota zaidi kibarazani kwa mama mwenye nyumba kuliko vitabuni, ingawa vitabu nilivifuata baadaye.

Nianze na kitovu. Katika picha inayotundikwa madukani na majumbani kule, Vishnu amelala juu ya nyoka katikati ya maji yasiyo na ufuo, na kitovuni mwake limechipuka yungiyungi ambalo Brahma ameketi ndani yake. Nami niliicheka, hadi yule mama aliponiuliza mtoto hulishwa kupitia wapi kabla hajazaliwa. Bua la yungiyungi ni kiungamwana, na muumba mwenyewe ni mtoto anayelishwa na huyo aliyelala. Kwa hiyo Brahma ni fundi wa ulimwengu, si chanzo chake. Nyoka naye anaitwa Shesha, maana yake "kilichosalia", yaani masalio ya ulimwengu uliotangulia. Sisi tuliolelewa na Biblia au Kurani hupotea hapa, kwa kuwa tunatafuta mwanzo mmoja, ilhali kwao kila mwanzo una kabla yake: siku moja ya Brahma ni miaka 4,320,000,000, kisha huja usiku wa urefu huohuo, kisha asubuhi nyingine.

Mfano wa mimba ni wa kale kuliko picha hiyo. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, kitabu cha 10, wimbo wa 121, anayetokea mwanzoni ni Hiranyagarbha, mimba ya dhahabu, na beti tisa za kwanza zote zinaishia kwa swali lilelile: ni mungu yupi tumtolee sadaka? Ubeti wa kumi ndio unaomtaja Prajapati, bwana wa viumbe. Makuhani wa baadaye walilichukua neno la kuulizia, ka, yaani "nani", wakalifanya jina lake. Kwangu mimi hakuna asili ya mungu inayovutia kuliko hiyo, ya swali kugeuka jina.

Neno garbha, lenye maana ya mimba na pia tumbo la uzazi, utalikuta kila mahali ukishalijua. Chumba cha ndani kabisa cha hekalu, kidogo na chenye giza, kinachokaa sanamu, huitwa garbhagriha. Ngoma ya garba, inayochezwa Gujarat usiku tisa za Navaratri, sikukuu ya mungu wa kike, imepata jina hapohapo: wachezaji huzunguka chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, chenye taa inayowaka ndani. Nilikuwa nimecheza misimu miwili bila kujua kwamba nalizunguka tumbo la mama.

Mama huyo ni Devi, yaani Mungu wa kike, na kwake swali la pili linapata jibu lake hasa. Devi Mahatmya, andiko la kumtukuza, linasimulia kwamba miungu iliposhindwa na Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati, nuru iliwatoka ikakusanyika kuwa mwanamke; ya Shiva, mungu mwangamizi, ikawa uso wake, ya Vishnu mikono yake. Ungedhani basi kwamba yeye ndiye mdogo wao. Lakini sura ya kwanza ya andiko hilohilo inaturudisha kwenye yungiyungi, ambapo Brahma, akitishwa na majitu mawili, anamwomba Devi amwachilie Vishnu aamke, kwa sababu ule usingizi wa Vishnu ni Devi mwenyewe, na Brahma anakiri kwamba Devi ndiye aliyempa mwili yeye Brahma, na Vishnu na Shiva pia. Andiko halioni mgongano wowote: linasema Devi ni wa milele, na kila anapojitokeza kuisaidia miungu, husemwa kuwa amezaliwa.