Igiza klaenti pale inapotumika

Ndugu, umesema jaribio la msimbo wako wa Python bado linagonga S3 ya kweli (hifadhi ya faili ya Amazon mtandaoni) ingawa umeweka patch("boto3.client"), yaani umebadilisha kwa muda, kwa cha kuigiza, kile kinachounda klaenti katika boto3, maktaba ya kuongea na Amazon. Angalia juu kabisa ya ripoti.py: s3 = boto3.client("s3"). Mstari huo hutekelezwa moduli inapoingizwa tu, kabla patch haijaanza kazi. Klaenti halisi, yaani kitu kinachoongea na S3, imeshazaliwa. Igiza jina linalotumika ndani ya ripoti.py: patch("ripoti.s3"). Mimi hupendelea kuipitisha klaenti kama hoja ya fankisheni, jaribio lipeleke ya kuigiza. Ila MagicMock, kitu cha kuigiza ambacho patch hukiweka, hukubali chochote, hata kigezo Buckt badala ya Bucket! Stubber ya botocore (maktaba iliyo chini ya boto3) hukagua vigezo hivyo. Juzi stima ilipotea hapa Umoja, rauta ikazima, na majaribio yangu yote yakapita bila intaneti, kwa betri ya laptopu.