"Umakini" au "nimalize": neno lipi limwongoze mwandishi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Mwaka huu mpya nataka neno moja la kuniongoza, nilibandike ukutani juu ya meza yangu. Nimechagua "umakini", kwa sababu nina miswada miwili niliyoiacha njiani: mmoja umefika katikati, mwingine umebakiza sura ya mwisho. Mwenzangu anasema umakini ni utulivu tu, si kuelekeza akili kwenye kazi, na kwamba afadhali niandike kitenzi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kuhusu kitenzi, mwenzako yuko sahihi kabisa. Kuhusu maana amekaza mno.

"Makini" limetoka Kiarabu, na katika matumizi ya zamani mtu makini ni mtulivu, asiye na papara. Maana ya kuelekeza akili yote kwenye jambo moja ilikulia humo humo, maana aliyetulia ndiye anayesikia. Leo mwalimu akiwaambia wanafunzi "sikilizeni kwa makini", hakuna anayedhani anawataka wawe wapole tu. Basi hujakosea. Kumbuka pia kwamba "makini" lenyewe husimama kama nomino, ndiyo sababu tunasema "kwa makini". U- ya "umakini" imekuja kwa kufuata mkumbo wa "utulivu" na "uangalifu". Yote mawili yanakubalika.

Tatizo ni hizi nomino za u-. Umakini, ubunifu, uvumilivu: zinataja hali, hazimtaji mtu. Ukiandika "umakini unahitajika" umesema kweli, lakini hakuna aliyeguswa. Kitenzi cha Kiswahili hakikuachii mwanya huo. "Nitaumaliza" ni neno moja, na ndani yake yumo mtenda, umo wakati, umo na mswada wenyewe.

Kipo kitenzi "makinika", na ni kizuri, ila hakidai yambwa, yaani kitu kinachotendwa: mtu anaweza kumakinika asubuhi nzima bila kuandika mstari. (Usikiongezee -ia. Tangu sakata la 2017, "makinikia" kwa Mtanzania ni mchanga wenye madini.) "Zingatia" hudai yambwa, lakini unaweza kuuzingatia mswada miaka kumi na usiufikishe kwa mchapishaji.

Nikisoma swali lako simwoni mtu aliyekosa umakini. Asiye makini hafiki kwenye sura ya mwisho ya riwaya. Neno unalolitafuta umelitaja wewe mwenyewe bila kujua, uliposema umeiacha miswada njiani: ni "maliza". Umbo lake ndilo linalotaka kuchaguliwa vizuri.

"Kumaliza" ni kitenzi-jina, nacho hakina mtenda, kama "umakini" wako. "Maliza" ni amri, na amri hutoka kwa mtu mwingine. Ukiisoma kila siku utaanza kushindana nayo. Mimi ningeandika "nimalize". Kiambishi ni- kinakutaja wewe, na -e ya mwisho inabeba nia na sharti kwa pamoja, kama tunavyoisikia katika "nataka nimalize", "sharti nimalize", "silali mpaka nimalize". Tena, ukiipandisha sauti mwishoni, linakuwa swali: nimalize? Siku unayoshawishika kuanza riwaya ya tatu, swali hilo litakufaa, maana wa kulijibu ni wewe peke yako.

Ukitaka neno likubane zaidi, tia yambwa. Mswada mmoja ni "niumalize", yote miwili ni "niimalize". Nakushauri umoja. Wingi unaruhusu kurukaruka kutoka huu kwenda ule, na huenda ndiko ulikokwamia.

Tena miswada yako haihitaji umbo moja. "Maliza" ni kufikisha kazi mwisho. "Malizia" ni kukamilisha kipande kilichosalia, kama mtu anavyomalizia chakula kilichobaki sahanini. Kwa hiyo ule uliobakiza sura moja uanze nao, na ukutani uandike "niumalizie". Ukishautuma, ufute i moja tu, lisomeke "niumalize", uugeukie ule wa katikati.