Kuni za mikoko, miche ya mikoko, na "umma mfano wenu"

SWALI

Assalaamu alaykum shekhe wetu. Mimi nauza samaki wa kukaanga hapa Mikindani, Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuni nanunua kwa vijana wanaozileta kwa dau magharibi ikikaribia, na nyingi ni za mikoko, maana moto wake unakaa na moshi wake haufukuzi wateja. Juzi kina mama wa mtaani wameanzisha kikundi cha kupanda mikoko upya ufuoni, nami nimejiandikisha. Tumo Waislamu, wamo wa kanisani, na yumo mzee mmoja wa kaya, yaani ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Siku ya kwanza, kabla hatujaingia topeni, mzee huyo alisimama akazungumza na wazee wake waliotangulia, kisha akatuambia kwamba sisi na miti na kaa na samaki ni jamaa moja. Kakangu alipopata habari alikasirika. Asema hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na kwamba aya ya "umma mfano wenu" inahusu kufufuliwa tu. Akaniambia tena mimi ni mnafiki, naunguza kwa mkono huu na kupanda kwa mkono ule. Hilo ndilo lililoniuma. Je, ni kweli sisi ni jamaa na viumbe hivyo? Nibaki kwenye kikundi? Na pesa za kibandani kwangu ni halali?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nianze na kakako, maana haki kidogo anayo na tusimnyang'anye.

Aya anayoitaja ni ya 38 katika Suratul An'aam. Maana yake ni kwamba hakuna mnyama katika ardhi, wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili, ila ni umma mfano wenu. Na mwisho wake, kwa Mola wao watakusanywa. Kukusanywa kumo, hatukani. Lakini wafasiri hawakukomea hapo. Wako waliosema viumbe hao ni mfano wetu kwa kuumbwa na kuruzukiwa, wako waliosema ni kwa kumjua Mola wao na kumsabihi, na wako waliosema kama kakako. Yeye ameingia kwa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu, akadhani ile mingine ni madirisha.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra kisa cha Nabii mmoja wa kale aliyeumwa na sisimizi, akaamrisha kichuguu chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamteremshia wahyi wa kumlaumu: kwa kuwa sisimizi mmoja amekuuma, umeteketeza umma katika umma zinazosabihi? Tazama neno lililotumika. Si "wadudu", si "uchafu". Umma. Wazee wetu husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nasi huisema methali hiyo kumwonea huruma mtu mdogo. Sijui ni wangapi kati yetu waliowahi kumwonea huruma chungu mwenyewe.

Na miti je? Fungua Suratul Hajj, aya ya 18. Zimetajwa jua, mwezi, nyota, milima, miti na wanyama kwamba vyote vyamsujudia Mwenyezi Mungu. Ilipofika zamu ya watu, ikasemwa "na wengi katika watu". Miti haikuambiwa "mingi". Imesujudu yote. Sisi ndio tuliobaguliwa, kwa sababu wamo miongoni mwetu wasiosujudu.

Kwa hivyo neno "jamaa" lategemea limebeba nini. Ukikusudia kwamba sisi na mkoko na kaa tumeumbwa na Mmoja, twalishwa na Mmoja, na kila mmoja ana tasbihi yake ijapokuwa hatuifahamu (hivyo ndivyo ilivyo katika Suratul Israa, aya ya 44), basi hiyo ni tauhidi yenyewe. Ukikusudia kwamba mti una uwezo wa kukunufaisha au kukudhuru kwa nguvu zake, ukauomba, ukauwekea nadhiri, hapo kakako ana haki ya kupiga kelele, nami nitapiga pamoja naye.

Sasa kuhusu mzee wa kaya. Ibada yake usishiriki. Akisema na wazee wake, wewe simama kando kwa adabu, soma bismillahi yako, kisha ingia topeni kama wengine. Kufanya kazi ya kheri na asiye Mwislamu hakukatazwi. Tumeamrishwa kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Kupanda mkoko ni katika huo wema. Lakini kabla hatujamhukumu mzee huyo, hebu tujitazame. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, na imesimama hadi leo huku misitu mingine ya pwani ikifyekwa, kwa sababu wenyewe waliona haya kukata. Wao wameilinda kwa kuogopa wasichopaswa kukiogopa. Sisi twasema twamwogopa Mwenye miti, na bado panga li mkononi. Nikifikiria hilo ulimi wangu huwa mzito.

Nije kwenye kuni, maana hapo ndipo penye uzito wa swali lako.

Mwanangu, umewahi kushuka pale maji yakiwa yamekupwa kabisa, ukaitazama mizizi? Mkoko husimama kwa magongo yake kama miguu ya kaa, na mchu, aina nyingine ya mkoko, hutoa vijiti vyake vya kupumulia juu ya tope kama penseli zilizochomekwa. Humo ndimo wanamojificha kamba wachanga na watoto wa samaki wasiliwe na wakubwa. Majani yakianguka, kaa huyaburura mashimoni mwao wakala. Na mashimo hayo hupitisha hewa ndani ya tope, mizizi ikafaidika. Mti wamlisha kaa, kaa aulimia mti, na baina yao analelewa samaki atakayefika kaangoni kwako. Kuni unayomkaangia ndiyo nyumba aliyokulia.

Usidhani nakulaumu peke yako. Upande wa hori ya Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo kutoka mashamba ya juu, ukaifunika mizizi ile ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Mkulima wa bara aliyeacha mteremko wake wazi hakuwahi kuiona bahari ile, pengine. Wala mvuvi aliyekosa kamba hakuwahi kuliona shamba lile. Hapo huja hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyo katika Bukhari, nami naona iliteremkia watu wa pwani hasa. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo cha bahari, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini kila wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakasema, lau tungetoboa tundu hapa kwenye fungu letu, tusiwaudhi wenzetu. Akasema: wakiwaacha na walitakalo, wataangamia wote, wakiwashika mikono, wataokoka wote.

Angalia: wale wa chini nia yao haikuwa mbaya. Hawakutaka kuwasumbua wenzao, na walitoboa "kwao". Mchuma janga hula na wa kwao, lakini katika chombo wa kwao ni kila aliyepanda.

Basi hukumu. Samaki ni halali, kumkaanga ni halali, na mauzo yako yamesihi. Pesa ulizokwisha kuchuma usizitupe wala usilie juu yake. Kuni ndizo zenye tatizo, kwa njia mbili. Ya kwanza, mikoko ya nchi hii ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata kwahitaji kibali. Kuni inayoingia kwa dau magharibi, mbali na macho ya watu, yaelekea haina kibali hicho, na ukijua kwamba kitu kimechukuliwa pasipo haki, kukinunua ni kumtia nguvu aliyekichukua. Ya pili, hata kama sheria ingenyamaza, Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na madhara ya hapa yanamfika mvuvi, yanamfika jirani ambaye nyumba yake yaliwa na mawimbi, na yanakufika wewe pia. Kwa hiyo acha, kwa kiasi cha uwezo wako na kwa haraka uwezayo. Vifuu vya nazi vina moto mkali. Wauza nazi hutafuta wa kuwaondolea. Makumbi yafaa kuwashia. Mvinje hupandwa mashambani kwa ajili ya kuni na nguzo, na mwenye shamba anakuuzia mchana kweupe. Ikiwa wiki hii huna ila ule mzigo ulio nyuma ya kibanda, utumie uishe, kisha usinunue mwingine.

Nimetaja mvinje, na siwezi kuupita bila kusema la Bamburi. Pale palichimbwa mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji hadi ardhi ikabaki nyeupe tupu, joto juu na maji ya chumvi karibu chini. Mwaka 1971 bwana mmoja, René Haller, alianza kujaribu miti; mingi ilikufa, mvinje ukakubali. Lakini majani yake membamba yalianguka yakarundikana, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Kilichofungua fundo hilo ni jongoo. Waliletwa, wakala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu, watoto wa shule hupelekwa kutazama twiga na viboko. Mimi nilipopelekwa nilimtafuta jongoo, mwalimu akadhani nimepoteza kitu. Mdudu ambaye sisi humgusa kwa kijiti ili ajikunje tucheke, ndiye aliyefanya kazi iliyowashinda wenye mashine.

Kakako akuitaye mnafiki amekosea. Mnafiki hufurahia sura zake mbili. Wewe moja yakuuma hata ukaniandikia. Hiyo ni toba imeanza.

Lipo jingine ambalo hukuliuliza, nami nitalisema kwa sababu naona linakuja. Wakubwa wakianza kulinda mikoko, wa kwanza kukamatwa huwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, na mwenye bomba la maji machafu linalotoka hotelini au kiwandani hadi ufuoni hawekwi ndani hata usiku mmoja. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliliona hili. Alipomweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Awf na Ibn Affan. Wawili hao ni masahaba watukufu, si watu wabaya. Ila walikuwa matajiri, wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Kidogo cha maskini kikifa, atakuja na watoto wake kumlilia Amirul Muuminina. Iko katika Bukhari. Kikundi chenu kikipata nafasi ya kuzungumza na wakubwa, kisa hicho kipelekeni kama kilivyo. Uhifadhi wa Umar ulimtazama mdogo kwanza, na bomba lile liulizwe kabla ya mzigo wa kuni.

Kuhusu upandaji wenyewe wewe wajua kuliko mimi. Nimeambiwa mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani iliyochongoka, huchomekwa topeni ncha ikielekea chini, nayo husimama yenyewe. Nia yako iwe sadaka. Anas amepokea kwamba Mwislamu hapandi mche akala humo ndege, au mtu, au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Na mkoko mmoja, ukihesabu kaa tu, sijui malaika atumie daftari gani. Na katika Musnad ya Ahmad imo kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande.

Wallahu aalam.

Kakako mpe salamu zangu. Mwambie Jumamosi ya bamvua, maji yakikupwa, nitakuja ufuoni kwenu inshallah, na ningependa tushuke pamoja. Viatu vya mpira sina. Nitafutieni, nambari yangu ni tisa.