Maswali ya Wasomaji: Fedha za utafiti wa saratani ya kongosho zinaombwa wapi, na lini?

SWALI: Wahariri, salaam. Mjomba wetu alifariki kwa saratani ya kongosho. Ukoo na majirani tumekubaliana kuiomba serikali itenge fedha za utafiti wa ugonjwa huu. Mwezi Mei tulipeleka barua yenye sahihi mia mbili, tukajibiwa kuwa bajeti imeshapangwa. Tulikosea wapi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Poleni na msiba, ndugu zetu. Sahihi mia mbili si haba. Kilichowaangusha ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza 1 Julai, na Mei wizara zinakuwa bungeni Dodoma zikitetea vitabu vya bajeti vilivyokwisha kuchapwa. Mbunge hata akitaka kuwasaidia, Ibara ya 99 ya Katiba inamfunga: Bunge halishughulikii hoja ya kuongeza matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka iwe imeletwa na Rais kupitia Waziri. Anabakiwa na kuuliza, kushauri na, akichoka kabisa, kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutishia kuuzuia mpaka apate maelezo. Wizara hupewa ukomo wa bajeti miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua yenu iwe mezani kati ya Septemba na Novemba.

Mezani kwa nani? Wizara ya Afya ni Fungu 52 (namba yake kwenye kitabu cha bajeti), na chini yake ndiko iliko NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia inayosimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, iko Fungu 46 la Wizara ya Elimu. Mkoa wa Mtwara ni Fungu 80, Lindi ni 76. Huku mikoani ombeni watu na vifaa, msiombe utafiti wa maabara. Nakala moja apewe mbunge, nyingine iende kwa kamati ya Bunge inayosimamia afya, maana hiyo hupitia makadirio kabla ya mkutano wa Aprili.

Sasa barua yenyewe. Iwe ukurasa mmoja. Sentensi kama "serikali iongeze fedha za utafiti wa saratani" haina pa kukaa kitabuni, kwa kuwa mhasibu hawezi kukipa kasma (mstari wake wa matumizi) kitu kisicho na bei. Andikeni kitu: rejista ya saratani kwa hospitali za kusini, ikiwa na mtunza rejista mmoja, kompyuta mbili, mafunzo, na usafirishaji wa sampuli kwenda Dar es Salaam. Kila kimoja kiambatane na profoma, yaani karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji. Ila kabla ya kuandika ulizeni Mitengo (Hospitali ya Rufaa ya Kanda), Ligula (hospitali ya mkoa wa Mtwara) na Sokoine (ya mkoa wa Lindi) wana nini tayari. Mkiomba kilichopo, barua itaishia kwenye faili.

Hilo la sampuli mlisisitize, hata kama linaonekana dogo. Kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kinatakiwa kizame kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande, ndani ya chupa ya mdomo mpana. Jina la mgonjwa libandikwe ubavuni mwa chupa, maana vifuniko hubadilishana. Kikitiwa kwenye maji ya chumvi, gari la Dar es Salaam halijafika hata Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, kimeshaanza kuharibika. Mtaalamu wa patholojia atajibu kuwa hakisomeki, na mgonjwa huyo hataingia kwenye hesabu ya utafiti wowote.

SWALI: Samahani kwa kusema hivi, lakini zahanati yetu huishiwa hata dawa za kawaida. Kwa nini tupiganie ugonjwa wa wachache?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Hoja yako ina uzito, na hatungependa hata senti moja itoke kwenye dawa za zahanati. Ila tazama hesabu hii. Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya kongosho zaidi ya 510,000, na vifo karibu 467,000. Namba hizo mbili karibu zilingane, na saratani za namna hiyo ni chache. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, gesi huizuia ultrasaundi kuliona vizuri, na dalili za mwanzo hufanana na vidonda vya tumbo. Mgonjwa hutibiwa vidonda miezi mitatu, na macho yakija kuwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi na kinyesi kikapauka, mara nyingi upasuaji umeshachelewa.

Marekani walibanwa na wananchi wao hadi mwanzoni mwa 2013 ikasainiwa sheria inayoitaka taasisi yao ya taifa ya saratani iandae mpango wa utafiti wa saratani sugu, kongosho ikiwemo. Ripoti za huko za 2012 zilitaja wanaofikisha miaka mitano tangu ugonjwa kugunduliwa kuwa asilimia 6; za 2024 zilitaja 13. Bado ni kidogo mno, na si sheria peke yake iliyofanya hivyo. Lakini mkulima wa Nachingwea anajua utafiti wenye fungu lake unafanya nini: mbegu bora za korosho na kanuni za kupiga salfa dhidi ya ubwiriunga zimetoka Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara.

SWALI: Tupate wapi takwimu za huku kwetu? Hospitali wanasema mafaili ni siri.
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Wako sahihi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawaunga mkono. Nyinyi msiombe mafaili. Mwandikieni mganga mfawidhi mkiomba idadi tupu, bila majina, ya miaka mitano: waliolazwa na waliofariki kwa msimbo C25, ambao kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD-10) ndio wa saratani ya kongosho. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 za kujibu. Ombeni pia idadi ya R17, yaani manjano isiyojulikana chanzo. Wagonjwa wengi wa kongosho huenda wamelala humo, hasa pasipo na CT scan. Mkipata C25 wanne na R17 tisini, andikeni hivyo hivyo bila kupamba. Pengo hilo lina nguvu kuliko namba kubwa ya kubuni.

SWALI: Je, salfa ya mikorosho inaleta saratani hii?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Haimo kwenye orodha ya visababishi vinavyofahamika. Vilivyomo ni tumbaku, unene uliopitiliza, kisukari cha muda mrefu, kuvimba kwa kongosho kwa muda mrefu (pankreatitisi) na historia ya ukoo. Barakoa vaeni hata hivyo, mapafu yenu yanaihitaji. Na swali lako limetoka shambani, liingizeni kwenye barua ya Septemba kama lilivyo.