Aina kwanza, sababu baadaye

Mwanangu Salma,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Magomeni, watu wananisukuma, nikashindwa kuujibu kwa kidole gumba. Sauti nayo sikutaka kurekodi, maana baba yako angesikia, na habari hii inamhusu yeye kuliko anavyotaka kukubali. Basi naandika kwa mkono kama zamani, Tariq ataipiga picha akutumie. Usimlaumu kama kurasa zitakuja zimepinda.

Umeuliza jambo moja: ni kweli mwanamke akichelewa kuzaa anapata kansa ya titi? Maana mama mkwe wako amekwambia Shangazi Rehema ilimpata kwa kutozaa, na wewe una miaka 33, bado. Nimejaribu kukujibu kwa neno moja. "Ndiyo" ni nusu uongo. "Hapana" nayo ni nusu uongo. Swali lenyewe lina pengo katikati: kansa ipi?

Wimbo wangu unaujua, mmeusikia mpaka mezani mkanikataza kuuimba watu wakila. Aina kwanza, sababu baadaye. Titi ni mahali tu, na yanayoota hapo ni magonjwa kadhaa, yenye tabia tofauti na vyanzo tofauti. Kumwambia mtu "kansa ya titi inaletwa na hiki" bila kutazama aina yake ni kama zahanati za zamani zilivyoita kila homa malaria na kugawa klorokwini.

Najua huna subira ya somo, nitakwenda haraka. Uvimbe mwingi wa titi, kama 7 katika kila 10 duniani, una vipokezi vya homoni. Seli zake zinapokea estrojeni, na estrojeni inazikuza. Aina hii ndiyo ambayo mambo ya uzazi yanaigusa sana: kuvunja ungo mapema, hedhi kuchelewa kukoma, kutozaa kabisa, au kuzaa mtoto wa kwanza umri ukiwa umekwenda. Unene wa utu uzima unaingia humo humo, kwa sababu ovari zikishapumzika, mafuta ya mwili ndiyo yanayoendelea kutengeneza estrojeni. Pombe pia, hata ile ya kidogo kidogo, na vile vidonge vya homoni mchanganyiko wanavyopewa baadhi ya wanawake hedhi ikikoma. Ndani yake kuna hata ile inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa, ambayo seli zake hutambaa moja moja kwa mstari bila kufanya donge la kushikika. Vidonge hivyo vinahusiana nayo zaidi kuliko ile ya kwenye mifereji ya maziwa. Slaidi zake huku maabara kwetu ni nzuri kuzitazama, Mungu anisamehe.

Zenye HER2 nyingi, protini nyingine inayozikuza seli, nazipita, hazikuwa za Rehema.

Halafu kuna hasi tatu. Haina kipokezi cha estrojeni, haina cha projesteroni, na HER2 yake si nyingi. Huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na kwetu sisi wenye asili ya Afrika inachukua sehemu kubwa kuliko kwa Wazungu. Kutozaa hakuonekani kuichochea. Tafiti kadhaa zimekuta karibu kinyume chake, kwamba aliyezaa asinyonyeshe ndiye anayeikaribia zaidi. Tena ndiyo inayoandamana sana na hitilafu ya kinasaba kinachoitwa BRCA1, wakati BRCA2 huelekea zaidi kwenye zile za homoni.

Sasa Rehema. Karatasi yake ya majibu naikumbuka neno kwa neno: miaka 41, kansa ya mifereji, daraja la tatu, yaani ya kukua kwa kasi, estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi.

Ulikuwa chuoni wakati wa arobaini yake, hukusikia yaliyosemwa. Tulikuwa nyumbani kwa Bibi wa Mtoni, wa ukoo wa mama yake Rehema, wanawake tumejaa kwenye mikeka mpaka uani, biriani haijaiva. Bibi akasema, kwa sauti yake ile ya kufika kwa jirani, "Titi lisilonyonywa hugeuka sumu. Rehema aliambiwa, hakusikia." Wifi yangu hajakauka kaburini. Rehema aliyenishonea gauni la harusi yangu, aliyekulea wewe nilipokuwa zamu za usiku! Nikamwambia, kwa adabu zote ninazozijua, "Bibi, kansa ya Rehema haikuwa ile ya kutozaa." Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe wa maabara," akasema. "Damu unaijua. Ukoo huujui." Watu wakacheka, na baadhi yao nimewapikia shughuli zao zote. Nikiwa naosha vyombo peke yangu hadi leo naisikia ile sauti, na kila mara nampatia jibu zuri zaidi.

Lakini sikia alichofanya baadaye. Kwa kutaka kunionyesha kwamba yeye ukoo anaujua, akaanza kuuhesabu. Dada yake mkubwa, Mwanaidi wa Kisarawe, alikufa na donda la titi hajafika 50, na watoto saba wote aliwanyonyesha. Mama yao mzazi tumbo lilimjaa maji, akakonda huku tumbo linakua, akafa, wakasema mke mwenza kamroga. Anayasema haya yote ili kunisuta, na hakuna hata mmoja kwenye ile mikeka aliyeona kwamba amejipinga mwenyewe. Mwanaidi alinyonyesha saba! Nikaacha kukasirika, nikaanza kuhesabu na mimi. Titi kabla ya 50. Tumbo la maji, ambalo kwa mwanamke laweza kuwa kansa ya ovari. Hasi tatu kwa miaka 41. BRCA1 ikiharibika inagusa titi na ovari vyote viwili. Wanawake waliofuatiliwa wakiwa nayo, karibu 7 katika 10 walipata kansa ya titi kabla ya kufika miaka 80, na zaidi ya 4 katika 10 ile ya ovari.

Usiku ule nikajipinga. Kinyama cha Rehema cha kupimwa kilitolewa hospitali moja siku ya Ijumaa, na mimi najua mambo ya Ijumaa. Kinyama kikicheleweshwa kutiwa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, vipokezi vinaharibika, na uvimbe wa homoni unasomeka hasi. Je, kama kilikaa kwenye kichupa cha maji ya chumvi mpaka Jumatatu? Basi Bibi angekuwa na hoja, na mimi nimemsemea marehemu uongo mbele ya watu. Sikulala. Asubuhi nikaenda kazini kuitoa slaidi kwenye kabati. Ukiipima estrojeni, kiini cha seli yenye kipokezi hugeuka kahawia. Isiyonacho hubaki bluu. Uvimbe wa Rehema ulikuwa bluu mtupu. Pembeni, kwenye kona, kulikuwa na mfereji mzima, wa titi lenye afya, na seli zake kadhaa zilikuwa kahawia safi. Maana yake fomalini iliwahi na kipimo kilifanya kazi, na hasi ile ilikuwa hasi ya kweli. Salma, nilifurahi mpaka nikapiga meza. Furaha ya namna gani hiyo sijui, wifi yangu yuko kaburini na mimi nashangilia rangi ya kahawia.

Sasa nimtendee haki mama mkwe wako, ingawa sitaki. Anachosema hakukiokota barabarani. Daktari mmoja wa Italia, Ramazzini, mwanzoni mwa karne ya 18 aliona kansa ya titi imewazidi masista wa makanisani. Mwaka 1926 huko Uingereza Janet Lane-Claypon aliwalinganisha wanawake 500 wenye kansa ya titi na wengine 500 wasio nayo, akakuta wenye kansa wamezaa kidogo, wameolewa kwa kuchelewa, wamenyonyesha kwa muda mfupi. Kazi ile naiheshimu kupita kiasi. Lakini wakati huo vipokezi vilikuwa havijajulikana, kwa hiyo aina zote ziliingia kwenye hesabu moja, na kwa wanawake wa kule nyingi ni za homoni. Kwa hiyo ukweli wake upo. Upo kwa wengi, na kwa aina moja zaidi ya nyingine. Haukutosha kumpachika Rehema akiwa hawezi kujitetea.

Hata mimi najiuliza, wewe mama, mbona umeng'ang'ania aina kana kwamba aina inajua kila kitu? Haijui. Ukichukua wanawake wengi wenye hasi tatu utaona mwelekeo, ila ukimchukua mmoja hukuti muhuri wa sababu. Rehema huenda hakuwa na BRCA1 kabisa. Hakupimwa. Mwanaidi huenda alikuwa na ya homoni, na lile tumbo la Kisarawe huenda lilikuwa ini au kifua kikuu cha tumbo. Wengi wanaougua hawana hata ndugu mmoja aliyewahi kuugua. Nayajua haya yote, na bado nikiiweka karatasi ya Rehema kando ya maneno ya Bibi, nywele zinanisimama.

Kwa hiyo swali la uzazi naliona dogo kuliko ulivyoliona wewe. Kuzaa kwenyewe si chanjo. Mwaka 2018 zilitoka hesabu za tafiti 15 zilizounganishwa: baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, hufika juu kabisa kama miaka 5 baadaye, na kinga yenyewe huja kuonekana baada ya miaka 20 na zaidi. Aliyejifungua kwa mara ya kwanza umri umekwenda, ule mpando kwake ni mkubwa zaidi. Kinachosaidia bila ubishi mwingi ni kunyonyesha. Mwaka 2002 walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 wakakuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa asilimia 4.3, juu ya ile inayopunguzwa na kuzaa, na kwa hasi tatu kunyonyesha kunaonekana kuwa na maana hasa. Ukizaa, nyonyesha. Mama mkwe wako hapo atafurahi, mpe.

Swali kubwa ni damu, na damu hii ni ya kwa baba yako. Watu wanadhani kansa ya titi inarithiwa kwa mama tu. Kinasaba hakijui ndoa wala mahari. Mwanamume hukibeba akampa binti bila yeye mwenyewe kuumwa hata siku moja. Kama Rehema alirithi kile kilichoharibika kwa mama yake, baba yako ana nafasi nusu ya kuwa nacho, na wewe robo. Wa kuanza naye ni baba yako. Hitilafu ikipatikana kwenye ukoo, naye akipimwa akakutwa hana, upande huo wewe na Tariq mmesalimika nayo. Nimemwambia. Akasema, "Mimi sina matiti." Anayo, madogo, na wanaume wachache nao huugua, chini ya 1 katika 100 ya wagonjwa wote. Akazima redio akaenda kulala.

Vile vitofali vya nta vyenye kinyama cha Rehema havitupwi haraka, na daktari wa vinasaba anaweza kuuliza kama vipo. Karatasi yake ninayo, iko kwenye ile bahasha ya kaki chini ya hati za nyumba. Ukienda Ocean Road au kwa daktari yeyote wa kansa, nenda nayo. Usiende na maneno ya mama mkwe, wala ya kwangu. Na usingoje hayo ndipo uanze kujishika matiti. Ukikuta kitu nenda, hata kama una haraka ya kazi.

Uzae lini? Hilo sitasema. Nina la kusema, unalijua, nimelitafuna humu ndani wiki nzima, na nikilisema utasema mama naye kaungana na mkwe. Ni lako na mumeo. Ila kama umeahirisha kwa ajili ya ile shahada... basi. Nimesema sitasema.

Kwenye kupima ningekuwa mimi ningepima. Hilo nalo ni lako, maana jibu likija huwezi kulirudisha, na dada zako wa Mbagala, mabinti wa Shangazi Zena, litawahusu hata kama hawakuuliza. Zungumza nao kabla, si baada.

Bibi wa Mtoni bado yuko hai, macho tu ndiyo yamefifia. Jumapili nakwenda kwake na daftari anitajie watu wote wa upande wa Kisarawe, nani alikufa na nini, akiwa na umri gani, wanaume pia. Atanisimanga, najua, na kashata nitampelekea. Ukiwa na jina unalotaka nimuulize, nitumie kabla ya Jumamosi usiku.

Mama yako