Kusoma huku unanyonyesha: kwa mwenzangu uliye kwenye arobaini

Mdogo wangu, kama umejifungua juzi au bado unahesabu wiki, na wewe ni mtu wa vitabu, haya nayaandika kwako. Mwanangu wa kiume ana miezi minane sasa. Nilijifungua kwa upasuaji, arobaini yangu nikaikalia Tabata, Dar es Salaam, kwenye chumba chenye feni moja, na ndani ya miezi hii nimesoma kuliko nilivyosoma mwaka mzima kabla ya mimba. Lakini sikuanza vizuri.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mapumzikoni. Siku 84 za likizo ya uzazi, nikawaza, riwaya nne nene zitanitosha, nikazipanga kando ya kitanda hata kabla ya nepi. Wiki ya kwanza ikaisha sijamaliza sura moja. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana, na kila mara anaweza kuchukua nusu saa. Piga hesabu: ni muda wa saa nne mpaka sita kwa siku umekaa palepale, mkono mmoja umemshika yeye. Muda upo, ila umekatwakatwa kama mchicha. Riwaya nene kila ukiirudia umeshasahau huyu ni nani na yule alimfanyia nini. Unarudia ukurasa uleule, unaona akili imekufa, unaweka kitabu chini unaanza kulia. Akili haijafa. Kitabu chenyewe ndicho si cha wakati huo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ninaoushikilia kuliko yote: miezi mitatu ya mwanzo soma kitu kinachokwisha kabla mtoto hajaachia ziwa. Hadithi fupi, shairi, makala moja ya gazeti. Na ukiweza, soma kwa sauti, ili aliye karibu nawe naye asikie. Kilichonivusha mimi ni utenzi.

Nilikuwa na Utendi wa Mwana Kupona tangu chuo. Niliusoma kwa ajili ya mtihani, nikaufunga. Usiku wa nne nilioutumia nyumbani nikaufungua kwa sababu moja tu, ndicho kilichokuwa kitabu chembamba kuliko vyote. Ubeti mmoja una mistari minne, mstari mmoja mizani nane, yaani silabi nane. Unausoma kwa pumzi moja. Mtoto akicheua au akilia hujapoteza kitu, ukirudi unaanza ubeti mwingine. Na hapo nikaona jambo ambalo darasani lilinipita kabisa: huyu mama alikuwa mgonjwa. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate kule visiwa vya Lamu, aliutunga mnamo 1858, maradhi yamemkalia mwaka mzima, akamwita binti yake asogee na wino na karatasi amwachie wasia. Chuoni niliusoma kama binti anayeusiwa. Safari hii nilikuwa mama, nimeegemea mito mitatu kwa sababu ya mshono, siwezi kuinuka bila kushikwa mkono, na kila ubeti nikausikia kutoka upande wa anayezungumza. Anajua hana muda mrefu na ana mengi ya kusema. Nililia sana usiku ule, ila kilio kile kilinipunguzia mzigo.

Usitishwe na lugha yake. Ni Kiswahili cha kaskazini, "njoo" kule ni "ndoo", na ukisoma kimya kimya utakwama. Soma kwa sauti, sikio litaelewa kabla ya jicho. Tena sauti hiyo inamfaa na mtoto. Mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, ambao ndio umbali wa kutoka ziwani mpaka usoni pako, na sauti yako ameizoea tangu tumboni. Wangu alikuwa ananyonya mfululizo, halafu anatua, macho nusu wazi, vidole vimeng'ang'ania pindo la kanga, kisha anaendelea. Nikawa nasoma ubeti anapotua. Mpaka leo nikianza kusoma kwa mwendo ule hugeuza kichwa.

Si kila neno la utenzi ule ninalikubali, na hapa nina jambo zito la kukuambia. Mwana Kupona anamwusia bintiye kwamba mume akilala asimbughudhi, akae karibu ampepee. Usiku wa siku ya nane mimi wangu nilimwamsha, na nashukuru nilimwamsha.

Ilikuwa hivi. Siku niliyoruhusiwa hospitali hakuna aliyekaa nami kunieleza chochote. Nilipewa karatasi iliyokunjwa pamoja na kadi, nikasaini, tukaondoka. Ile karatasi nikaichomeka kwenye utenzi iwe alama ya nilipofikia. Usiku huo wa nane kichwa kilikuwa kinaniuma tangu jioni, nikasema ni usingizi mdogo na joto la Dar. Saa tisa usiku namnyonyesha, nasoma, mistari ikaanza kucheza na vimulimuli kunipita mbele ya macho. Nikatoa alama niweke ukurasani, macho yakaangukia kwenye karatasi: kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, rudi hospitali haraka. Nilikuwa najua kifafa cha mimba ni cha wenye mimba. Sikujua kwamba kinaweza kumpata mtu hata baada ya kujifungua, ndani ya zile wiki sita. Nikamwamsha baba wa mtoto, tukachukua bajaji. Presha ilikuwa 160 kwa 110. Nililazwa siku mbili na kuchomwa sindano za kuzuia degedege, mama yangu akiniletea mtoto nimnyonyeshe palepale wodini.

Kwa hiyo kama hutasoma kitu kingine chochote kwenye arobaini, soma karatasi hiyo, na kama hukupewa, iombe kliniki. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mshono unaotoa usaha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kifua kubana, kichwa na macho kama mimi: hayo hayasubiri asubuhi. Kwa mtoto, kukataa kunyonya, kupumua haraka haraka, mwili kuwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, kitovu kuwa chekundu, unjano unaozidi, degedege. Msomee mumeo, msomee na dada wa kazi, wajue nao, maana siku ukizidiwa si wewe utakayesoma. Na mahudhurio yako mwenyewe yapo: ndani ya saa 48, wiki ya kwanza, kabla ya siku ya 28, na siku ya 42. Wengi tunapeleka mtoto chanjo za wiki ya sita, tunashika kadi yake, tunageuza. Kaa kwenye benchi, mwambie nesi na mimi nipime.

Kuhusu vifaa sitakuchosha. Kitabu chembamba cha karatasi kinafaa kuliko simu, kwa sababu simu inakupeleka kwingine na mwanga wake unafukuza usingizi mdogo uliobaki. Mkono ni mmoja, basi chukua vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande, kitabu kitabaki wazi juu ya mto. Taa ndogo ya sola iwe karibu, umeme ukikatika hutahangaika. Na ukiona kichwa kinadondoka, funga kitabu, mrudishe mtoto mahali pake pa kulala ndani ya chandarua. Usisinzie naye kwenye kochi, mtoto anaweza kubanwa akakosa hewa.

Suala la mama sasa. Mama yangu alitoka Tanga kuja kuniuguza, na nitamshukuru maisha yangu yote: mtori, supu ya kuku, uji wenye pilipili manga, nguo za mtoto zimefuliwa kabla sijaamka. Siku ya tano akachemsha maji anikande tumbo. Nikasema mama, nina mshono. Akasema yeye alikandwa kila alipojifungua, mara zote tano. Ningeweza kubisha, na najua wenzangu waliobishana mpaka mama akafunga begi akarudi kwao. Mimi nilichukua maelekezo ya kutunza kidonda, nikamwambia mama, njoo unisaidie kusoma hapa. Tukasoma pamoja, yeye na miwani yake: kidonda kiwe kikavu na safi, hakuna maji ya moto, hakuna kukandamiza. Tukasoma pia kwamba mtoto anaponyonya ndipo kizazi kinaposinyaa na kurudi mahali pake. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana tumbo linakuuma akinyonya." Kuanzia hapo akawa ananikanda mgongo na miguu kwa kitambaa cha uvuguvugu, na raha yake sikwambii. Mtu mzima ukimpa karatasi asome nawe umemheshimu. Ukimwambia "nimesoma mahali" umemfukuza kwenye mazungumzo.

Kwa njia hiyohiyo tulilimaliza la kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakilala pamoja mtoto anayenyonya atadhoofu. Shangazi alisema mume alale sebuleni mpaka mtoto atembee. Mbegu za baba haziingii kwenye maziwa. Wazee walichokuwa wanakiona ni kweli kipo, mtoto anayedhoofu mama akishika mimba nyingine mapema, lakini huyo anadhoofu kwa kuachishwa ziwa kabla ya wakati na kukosa chakula cha kutosha. Dawa yake ni uzazi wa mpango, na uulizie mapema, kwa sababu mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi.

Kuna vitabu vya kuweka pembeni kwanza. Kati ya zile riwaya nne nene ilikuwemo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Nilikuwa na hamu nayo sana. Wiki ya tatu nikaianza: Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri ambaye baba yake anadaiwa naye, anapandishwa treni bila kuelezwa kwamba hatarudi. Nikafunga. Kwa siku nzima nilikuwa namkagua mwanangu kama yupo. Ni riwaya nzuri sana, ila siku hizo ngozi yangu ilikuwa nyembamba mno kuibeba.

Na hapo ujichunguze. Machozi ya siku ya tatu au ya nne huwapata wengi mno na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, ukawa huoni raha ya kitu, huwezi kulala hata mtoto akilala, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yanakupitia, hiyo ni sonona, na ni ugonjwa wenye matibabu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Si uvivu, si kukosa shukrani, wala hukurogwa. Mimi dalili yangu ilikuwa kwamba hata ubeti mmoja haukuniingia kwa siku nne mfululizo. Nilimwambia nesi wa kliniki kwa maneno hayohayo, akanielewa, akanipeleka kwa anayehusika. Tafuta dalili yako, useme.

Ukikaribia kurudi kazini, soma sheria. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 ni kifupi, utakimaliza kwa ziwa moja. Siku 84 zenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi unaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku katika muda wa kazi kwenda kunyonyesha. Bosi wangu aliniambia hilo halipo ofisini kwetu. Sikugombana naye. Nilichapisha ukurasa, nikapigia mstari kifungu, nikaacha mezani kwake na barua ya adabu. Siku tatu baadaye nikapewa, natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja.

Vitabu vikikuishia, Maktaba Kuu ya Taifa ipo palepale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ilipofunguliwa mwaka 1967, na pale Posta wauza vitabu vya mitumba wana vijitabu vyembamba vya kila aina. Mtume mume au wifi. Mwambie unataka chembamba.

Peponi nimeirudia mtoto alipofika miezi saba, kwenye daladala ya Segerea, asubuhi natoka kumwacha mtoto na mama. Vibanio vilikuwa bado vimeshika ukurasa niliouachia, Yusuf yuko kwenye treni. Siku hiyo nilisoma mpaka Posta, konda akanigusa bega kuniambia tumefika.